Ukialikwa Kikao cha Afya Horohoro

Siku utakayopokea barua ya mwaliko, usianze na mada. Mada za vikao vya afya mpakani hazibadiliki sana: ufuatiliaji wa magonjwa, ushirikiano wa nchi mbili, changamoto na mapendekezo. Wewe nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho, inayosema nani anamlipia nani. Ikiwa imeandikwa kwamba gharama zitalipwa na mwajiri, kunja barua, itie mfukoni, endelea kudunga sindano; mwajiri hana habari hiyo. Ikiwa imeandikwa kwamba waandaaji watalipa nauli, malazi na posho ya kujikimu, usiiache mezani hata dakika moja. Barua za aina hiyo zina mazoea ya kubadili jina la mwalikwa zikiwa njiani.

Kwa asiyejua, kikao chenyewe kinaitwa cha ujirani mwema. Madaktari, wauguzi, maofisa afya na watu wa maabara wa Mkinga na Tanga wanakaa ukumbi mmoja na wenzao wa Kaunti ya Kwale, Kenya, kwa sababu wagonjwa wao ni wale wale. Mkinga ni wilaya changa, ilimegwa kutoka Muheza mwaka 2007, lakini koo za watu wake hazina habari na tarehe hiyo, wala na mstari waliouchora Wajerumani na Waingereza. Mdigo ana mjomba Vanga ya Kenya na shangazi Jasini ya Tanzania. Mtoto huzaliwa upande huu, akachanjwa upande ule, na kadi yake ikabaki kwa bibi. Matende na mabusha, maradhi ya pwani yote hii, hayajawahi kupanga foleni ya pasi. Ndiyo maana wataalamu huitana. Hoja ni nzuri kabisa, na nakuomba uikumbuke, kwa kuwa kuanzia usajili mpaka chai hutaisikia tena.

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 65, lami tupu. Lami hiyo ilijengwa kwa fedha za Wamarekani, chini ya mkataba wa shirika lao la misaada, MCC, uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008, marais Kikwete na Bush wakiwepo. Iliwasaidia wasafirishaji wa Mombasa, wauza machungwa na wajawazito wanaokimbizwa hospitali ya Bombo. Walioumia ni wajumbe wa vikao, waliopoteza kisingizio chao bora cha kuchelewa. Siku hizi lazima useme kitu kingine, na usiseme gari liliharibika ikiwa umekuja kwa bodaboda.

Hapo kwenye usafiri nina neno moja zaidi. Usije na gari la wagonjwa. Najua ndilo gari pekee la kituo lenye mafuta, na dereva ameshakuambia hakuna simu ya mzazi usiku kucha. Lakini litaegeshwa kivulini mbele ya ukumbi, watu wazima watalizunguka wakiuliza nani anaumwa, na mgeni rasmi atakaposhuka kwenye gari lake jambo la kwanza kuliona litakuwa hilo.

Umbali wa kilomita 65 una hila yake. Mhasibu ataona ni karibu, unaweza kulala kwako. Mgongo wako utaona ni mbali. Tanga ina msemo wake wa zamani, waja leo waondoka leo, na katika hesabu za posho maana yake ni kwamba waja-leo-waondoka-leo hawalipwi fedha ya kulala. Ukiona kikao cha watu wa pwani kinapelekwa milimani, na cha watu wa milimani kinateremshwa pwani, usitafute sababu ya kitaalamu. Heri ya Horohoro ni kwamba mpaka hauhamishiki. Mtu akitaka kuuona lazima aufuate ulipo, na akifika huko giza likiingia, mhasibu hulainika.

Usidhani mambo ya posho ni ya leo wala ni ya Tanga peke yake. Novemba 2015, Magufuli akiwa na wiki chache Ikulu, alikata fedha za hafla ya kufungua Bunge, na sehemu kubwa ya zilizochangwa ikaenda kununua vitanda vya Muhimbili. Semina za hotelini nazo zikapigwa kufuli. Mikutano ikaambiwa itumie kumbi za serikali. Kwa muda mtumishi wa afya alijifunza kwa kusoma. Kisha barua zikaanza kurudi taratibu zikiwa na vichwa vipya: kikao kazi, mafunzo elekezi, mapitio ya robo mwaka. Januari 2025 pigo likatoka Washington, misaada ya Marekani iliposimamishwa, na mabango yenye nembo sita za wafadhili yakapungua kumbini. Kikao utakachoalikwa wewe huenda kina nembo mbili tu na maji ya kunywa chupa ndogo. Usilalamike. Wakenya nao wana chupa ndogo.

Sasa nyaraka. Beba kitambulisho, barua yenye muhuri, na kadi ya homa ya manjano. Wanaoshikwa bila kadi mpakani mara nyingi ni wale wanaowachanja wenzao, kwa sababu mtoa chanjo huamini kwamba uso wake unatosha. Kadi yako ikiwa na zaidi ya miaka kumi usitishike: tangu Julai 2016 chanjo ile inahesabiwa kuwa ya maisha, na ukiulizwa, eleza kwa adabu, huku ukitabasamu, bila kutaja cheo. Ratiba ikiwa na ziara ya Lunga Lunga, upande wa Kenya, chukua pasi au hati ya dharura ya kusafiria, hata kama unaambiwa ni hapo tu. Halafu elewa utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani, maana hapa ndipo wageni huzunguka wakitafuta dirisha. Anayekwenda Kenya hagongewi muhuri Horohoro. Anapita moja kwa moja mpaka Lunga Lunga, ambako ofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja, mmoja anakutoa, mwingine anakuingiza. Anayetoka Kenya anamalizia yote Horohoro. Ukisimama dirisha la Horohoro na pasi mkononi ukidai muhuri wa kutoka, utakuwa umejitambulisha kuwa ndiye mjumbe mgeni.

Simu yako nayo haina uaminifu hapa. Ukiwa umekaa Tanzania halisi, chini ya picha ya Rais, itapokea ujumbe wa kukukaribisha Kenya na kuanza kula salio kwa gharama za ugenini. Zima intaneti ya ugenini kabla ya sala ya kufungua kikao.

Ratiba itasema usajili saa 2:00 asubuhi, ufunguzi saa 2:30. Wenzetu wa Kwale, kwa kuwa wamevuka mpaka, watafika saa 2:00 kweli na kukaa mstari wa mbele wakitazama saa. Wasalimie, waombe radhi kwa niaba ya taifa, waambie mgeni rasmi yuko njiani. Huko njiani ndiko atakakokaa mpaka saa 4:00. Akiingia, simama. Mshereheshaji atataja vyeo kimoja kimoja, atachoka katikati, na atasema itifaki imezingatiwa. Hapo unaweza kukaa, ingawa kila msemaji baada yake ataizingatia upya.

Mara nyingi mgeni rasmi hatafika mwenyewe. Atakuja mwakilishi wake na hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya bosi, naye ataisoma kama ilivyo. Utamsikia kijana wa miaka thelathini akisema kwa unyenyekevu, "Mimi kama mkuu wenu nimefurahi sana kuwa nanyi leo." Piga makofi. Hotuba itazitaja Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Itaitaja Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014. Itaitaja Marburg ya Kagera, ile ya Machi 2023 na ile ya Januari 2025 kule Biharamulo, na hutakosa jirani wa kukunong'oneza kwamba Kagera iko kona nyingine kabisa ya nchi. Usimjibu. Virusi vya Kagera vinaweza kupanda basi kama binadamu mwingine, na ofisa afya anayekaa Horohoro kutwa nzima akiwapima abiria joto anajua hivyo kuliko huyo jirani yako.

Kuna mambo mawili usiyaguse mbele za Wakenya mpaka mmeshakula pamoja.

La kwanza ni la 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100 hivi, ulioanza Desemba 2016. Machi 18, 2017, Magufuli akakubali ombi la serikali ya Kenya la kupelekewa madaktari 500 wa Kitanzania. Kwetu ilionekana ni ukarimu. Kwa madaktari wa Kenya, wengi wao wakiwa hawana ajira, ilikuwa ni kuletewa mtu wa kukalia kiti chako ukiwa bado umesimama ukikidai. Wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia. Aprili, Magufuli akageuza: waliokuwa wameomba kwenda Kenya, 258, wakaajiriwa serikalini nyumbani. Matokeo yake kuna madaktari wa Kitanzania ambao ajira yao waliipata kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa Kenya dhidi yao. Mmojawapo akiwa meza yako na mwenzake wa Kwale akiwa meza hiyo hiyo, mpe chumvi huyu, mpe pilipili yule, zungumza habari za mvua.

La pili ni la Mei 2020. Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikabakiza mizigo, na madereva wakapimwa korona kabla ya kuingia. Waliokutwa nayo walirudishwa. Upande huu tulikuwa tumeacha kutangaza takwimu tangu mwisho wa Aprili, na vipimo vya upande mmoja vikawa havisadikiki upande mwingine. Madereva walilala chini ya malori siku kadhaa mpaka wakubwa walipokutana. Watu wa maabara wa nchi zote mbili wanaikumbuka miezi hiyo vizuri, na kila mmoja anayo majibu yake. Ni mazungumzo mazuri sana, ila yanataka muda, na nyinyi mna dakika kumi na tano za chai.

Ikiwa umebahatika kikao chenu kina zoezi la kuigiza mlipuko, jipeleke mapema kwa mratibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi kubwa la namna hiyo Namanga Juni 2019, siku nne, ugonjwa ukiwa homa ya Bonde la Ufa, na wakashiriki watu wa afya, wa mifugo, wa forodha, wa uhamiaji. Zoezi kama hilo lina maana: huonyesha simu ipi haipokelewi na ufunguo wa chumba cha karantini anao nani. Lakini kwa mjumbe, ushauri ni mmoja tu. Ukiulizwa unataka nafasi gani, omba kuwa mgonjwa. Mgonjwa hulazwa kivulini. Anayeigiza mhudumu huvalishwa mavazi ya kujikinga kuanzia kisigino mpaka utosi, saa saba ya mchana, katika joto la Mkinga, na baada ya nusu saa tofauti kati yake na mgonjwa haionekani tena.

Kazi za vikundi zitakuja baada ya mada ya tatu. Mwezeshaji atawahesabu moja mpaka nne ili wanaojuana watawanyike, na wanaojuana watahama viti kimyakimya. Mwenye mwandiko mzuri ndiye katibu. Kwa sababu hiyo daktari hachaguliwi. Andikeni uhaba wa watumishi, usafiri, mafuta. Kisha maazimio: kuimarisha, kuboresha, kuhuisha. Yatabandikwa ukutani na jioni mfagizi atayakunja vizuri ayatumie nyumbani. Atasimama mjumbe aseme hana swali, ana nyongeza. Mpe robo saa, kunywa maji.

Utamkuta pia daktari anayeandika mitandaoni. Ni mtu mwema, ana wafuasi wengi kuliko wagonjwa, na ndiye pekee mwenye betri ya akiba. Atapiga picha bango, chai, mgeni rasmi, na miguu ya mgeni rasmi. Usimchanganye na wale madokta wa mitandaoni wanaouza vumbi la nguvu za kiume. Wale hawaji vikaoni, hawana shida ya posho. Huyu wetu anafanya kazi ya maana. Akiandika vizuri kuhusu surua, mama wa Maramba anasoma kwenye simu ya mwanawe na anampeleka mjukuu kuchanjwa. Jambo moja tu: simu yake ikielekezwa kwenye rejesta yenye majina ya wagonjwa, funga rejesta. Sema unamtafutia kalamu.

Chai ni saa nne, yaani saa tano na nusu. Hapo ndipo nataka uwe macho, kwani mpaka sasa kila nilichokueleza ungeweza kulala usingizi ukakikuta kimeisha. Kutakuwa na mihogo, chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, na machungwa ya Muheza ikiwa ni msimu. Mgeni wa vikao hukimbilia meza ya madaktari, akidhani habari ziko huko. Madaktari huhamishwa, wengi watakuwa na mwaka mmoja hapa, nao wanaulizana habari za kwenda kusoma. Wewe simama kwenye foleni nyuma ya wauguzi. Mtafute mkunga wa miaka ishirini kazini, na ofisa afya wa mpakani asiye na haraka. Muuguzi wa Vanga atakutana na muuguzi wa Jasini, watasalimiana Kidigo, wataulizana ya watoto, na kabla sahani hazijajaa yule mmoja atasema, "Kuna mvuvi wangu wa dawa za kifua kikuu, simwoni tangu kaskazi ianze."

Sikiliza hapo. Dawa za kifua kikuu ni za miezi sita: miwili mikali, minne ya kuendelea. Mvuvi hakai kijiji kimoja miezi sita. Msimu ukigeuka anakwenda dago, anahamia Shimoni, Vanga, Moa, waliko samaki, na mpaka wa baharini hauna dirisha. Kwenye rejesta ya alikoanzia dawa anaandikwa mtoro. Anakoishi sasa hajulikani kabisa. Amekatisha dawa, anakohoa usiku katika kibanda wanacholala watu wanane, na nchi mbili zenye kanuni zote za kimataifa zimempoteza mtu aliyeko mwendo wa saa chache kwa mashua. Kinachomrudisha kwenye dawa ni muuguzi mmoja kuwa na namba ya simu ya muuguzi mwenzake, na kuwa na sababu ya kupokea anapopigiwa. Sababu hiyo hupatikana kwenye foleni ya chai, baada ya kula muhogo pamoja na kucheka hotuba.

Mimi nahesabu hilo kuwa ndiyo kazi yote ya kikao, na mengine ni itifaki. Kwa hiyo ukitoka kwenye chai bila namba tatu za ng'ambo, za watu wenye rejesta si wenye vyeo, hujahudhuria. Andika na jina la zahanati. Ukiandika "Sista Mwanaisha Kenya" utamtafuta mpaka mwaka ujao.

Mwisho wa siku kuna karatasi za kusaini. Saini mahudhurio asubuhi na jioni, saini fomu ya malipo, kagua namba ya simu mara mbili, maana fedha ikienda kwa mtu mwingine hairudishwi na kikao kinachofuata. Kama umechukua masurufu, tunza risiti ya nauli. Marejesho yana kumbukumbu ndefu. Cheti chako kisome kabla hujaondoka. Pointi za kuhuisha leseni zinahesabiwa kwa jina, na si Baraza la Uuguzi na Ukunga wala Baraza la Madaktari litakalohangaika kujua kama Mwanahamisi na Mwanahamis ni mtu mmoja.

Limebaki moja, nalo ungepaswa kulifanya kabla ya kupanda gari. Angalia unamwachia nani zahanati. Kama mko wanne, njoo, na mwakani aje mwingine. Kama muuguzi wa hapo ni wewe peke yako, na mlango utafungwa siku mbili wajawazito wakae barazani wakikungoja, usije hata kama barua ina muhuri na aya yake ya mwisho ni tamu. Mpigie mratibu, mwambie akutumie orodha ya namba za simu za wenzako wa upande wa pili.